Ndugu Aliyetoka Kundini



Injili ya Dominika ya 23 ya Mwaka A, kutoka sura ya 18 ya Mathayo, yatuwekea utaratibu wa kumwonya ndugu aliyekosa. Kwanza tumwendee faraghani. Asiposikia, tuchukue mtu mmoja au wawili. Kanisa zima huambiwa mwisho.

Je, katika makundi yetu ya WhatsApp twafuata utaratibu gani? Maaskofu wa AMECEA walipokutana Nairobi mwaka 1976 kuzungumzia Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, walitaka Kanisa la majirani, watu wanaojuana kwa sura na kwa shida zao. Leo jumuiya hizo hizo zina makundi ya simu, nayo yana faida: habari ya msiba hufika kabla jua halijachwa, na watu wa kumtolea damu mgonjwa hupatikana usiku huohuo. Hilo hatulibezi.

Lakini itazameni orodha ya michango. Majina yamepangwa kwa namba, mbele ya kila jina kiasi kilichotolewa, na mbele ya jina la mama mjane pengo tupu. Kila anayelipa huinakili orodha na kuirudisha upya, hivyo pengo lile huonyeshwa mara kumi kwa siku. Kisha mmoja anaandika, "Wengine wanajificha," na wanane wanamwunga mkono kwa picha ya dole gumba. Hapo tumeanzia hatua ya mwisho, wala hakuna aliyepiga hodi kwa mama yule kujua kama amekula.

Akichoka, atajitoa. Zamani kundi zima lilijulishwa. Tangu mwaka 2022 wasimamizi pekee ndio wanaopata taarifa. Wengine tutaendelea kuandika "Amina" tukidhani yumo. Aya chache kabla ya Injili hiyo, mchungaji mwenye kondoo mia alijua kuwa mmoja hayupo. Sisi twawahesabu waliolipa.

Twawaomba basi wenyeviti na watunza hazina: habari za wasiotoa zibaki daftarini. Na msimamizi akiona jina limetoka, asilirudishe kwa kubonyeza tu. Aende nyumbani kwake, peke yake, kabla ya siku ya jumuiya kusali. Na daftari aliache.