Meza ya Ndege
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanafunzi wa zamani, siku ya mkutano wetu wa mwaka)



Barua ya Katibu ilinitaka nizungumze juu ya jambo lolote lenye manufaa. Wenzangu waliotangulia wamezungumza juu ya uchumi, sheria na uongozi. Mimi kazi yangu ni mafaili asubuhi na mafaili jioni, na hapana mtu anayetaka kusikia habari za mafaili siku ya sikukuu. Kwa hiyo nitazungumza juu ya ndege wa uani kwangu, Makorora. Msicheke, maana habari hii inamhusu kila mmoja wetu.

Mwaka 2011 nilipelekwa masomoni kwa miezi michache huko Marekani, katika jimbo la Ohio. Ilikuwa majira ya baridi, na theluji imefunika kila kitu. Mzee mwenye nyumba niliyopanga alikuwa ametundika kisanduku cha mbegu za alizeti nje ya dirisha la jikoni. Kila asubuhi alikuja hapo ndege mmoja mwekundu kama damu, mwenye kishungi kichwani. Wanamwita kadinali, kwa sababu ya joho jekundu la makadinali wa Kanisa Katoliki. Yeye hahami wakati wa baridi, na majimbo saba ya nchi ile, Ohio likiwamo, yamemfanya kuwa ndege wao rasmi.

Siku moja yule mzee aliniuliza, "Na ninyi kwenu mnawalisha ndege gani?" Nilicheka, nikamjibu kwamba sisi hatulishi ndege, tukipata nafaka tunakula wenyewe. Naye akacheka. Jibu lile nililitoa kwa kujiamini sana, na lilikuwa si kweli. Imenichukua miaka mingi kulijua hilo.

Nilipokuwa mtoto, marehemu bibi yangu alikuwa akipepeta mchele uani kila adhuhuri. Chenga zilizoanguka hakuzifagia. Walikuja shomoro, wakaja tetere wawili wawili, na katika mpapai palikuwa na shorewanda wakitoboa mapapai yaliyoiva. Kwenye maua walikuja chozi, wanang'aa kama shanga. Bibi hakuwa na elimu ya ndege. Alisema tu kwamba riziki ikimwagika ina mwenyewe. Sisi watoto tulikuwa na manati, na wengine ulimbo, lakini uani kwa bibi ilikuwa haramu kumgusa ndege.

Niliporudi kuishi katika nyumba ile na familia yangu, nilimkuta mgeni mmoja tu aliyetawala: kunguru. Simsemi kunguru wetu wa asili, mwenye kifua cheupe. Namsema huyu mwenye ukosi wa kijivu, ambaye asili yake ni Bara Hindi. Aliletwa Unguja mwanzoni mwa miaka ya 1890 ili ale takataka za mji. Takataka alikula, kisha akala mayai na makinda ya ndege wengine, na vifaranga vya kuku. Akavuka bahari, akaenea pwani yote, Tanga, Dar es Salaam, Mombasa. Anaiba mkate mezani na sabuni bombani.

Nikakasirika. Na hapa, ndugu zangu, ndipo ninapotaka kukiri kosa. Jumamosi moja nilinunua dawa ya panya, nikaichanganya na wali uliolala, nikautandaza juu ya bati uani. Kunguru mmoja alitua ukutani. Akautazama wali, akanitazama mimi, akaruka zake. Mimi nikaingia ndani kunywa chai. Baada ya muda binti yangu mdogo akaja kuniita: "Baba, mbona tetere wamelala chini?"

Walikuwa watatu. Jioni mama jirani akaja hodi, amemshika kuku wake miguu, amekufa. Hakunigombeza. Alisema tu, "Baba, mimi nina wajukuu wanaokota kila kitu." Nililipa kuku, lakini maneno yale hayalipiki. Usiku ule sikulala. Mtu mwenye shahada ya chuo kikuu, anayeandikia wenzake barua za maonyo, ametega sumu mahali wanapochezea watoto.

Kesho yake nilikaa uani na daftari, nikafanya ambalo ningelifanya kwanza: nikatazama. Niliandika kila ndege aliyekuja na alichokula. Kufikia adhuhuri nilikuwa nimeandika kunguru karibu ukurasa mzima, na wote walikwenda mahali pamoja, kwenye pipa langu la taka lisilo na mfuniko. Hapo walipata vichwa vya samaki, maganda, wali, mabaki ya ugali. Waswahili husema kunguru hafugiki. Mimi nilikuwa nimemfuga, tena kwa chakula kizuri kuliko cha kuku wa jirani.

Ndipo nikamkumbuka yule mzee wa Ohio. Jibu langu lilipaswa kuwa: "Sisi kwetu tunawalisha kunguru." Kila nyumba ina meza ya ndege. Asiyeiweka kwa makusudi ameiweka kwa uzembe, na ndege wanaokuja ni wale walioandaliwa.

Serikali mbalimbali zimepambana na ndege huyu. Zanzibar walifanya kampeni kubwa katika miaka ya 1990, kunguru wakapungua sana. Kampeni ilipokoma, wakaongezeka tena. Mwaka 2024 Kenya ilitangaza mpango wa kuua kunguru milioni 1. Sumu maalumu ya kunguru ipo, na ni kazi ya wataalamu wenye kibali, si ya karani mwenye hasira. Lakini hata mtaalamu akiua leo, majalala yetu yatazalisha wengine kesho.

Basi nilinunua pipa lenye mfuniko mzito. Mabaki ya jikoni nikayafukia kwenye shimo la migomba. Asubuhi naweka konzi moja tu ya chenga na mtama, na kinachobaki nakiondoa. Naweka pia bakuli la udongo lenye maji ya kina cha vidole viwili, ninayoyamwaga na kuyabadili kila siku ili mbu wasizaliane.

Maji hayo ndiyo yenye thamani kuliko nafaka, hasa wakati wa kaskazi, Januari na Februari, jua linapochoma na vidimbwi vimekauka. Na hao ndio wakati wa wageni. Baridi ya Ulaya ndiyo inayotuletea mbayuwayu kuanzia mwezi wa Septemba na Oktoba. Ana uzito wa gramu 20 hivi, na huvuka Jangwa la Sahara. Nendeni ufukweni maji yakipwa, mtawaona sululu na vitwitwi wakidona tope. Baadhi yao wamezaliwa Siberia. Yule mzee aliwalisha ndege waliobaki kwenye theluji. Waliokimbia theluji wako kwetu, na sisi hatujui kwamba tuna wageni.

Sitawadanganya kwamba kunguru wamekwisha. Bado wanakuja, maana mapipa ya mtaa ni mengi. Lakini wamepungua uani kwangu, na shomoro wamerudi, na baada ya miezi kadhaa wakaja tetere wawili. Binti yangu aliwaandika yeye mwenyewe katika daftari. Mama jirani naye amenunua pipa lenye mfuniko. Hatujazungumza tena juu ya kuku.

Ndugu Mwenyekiti, nina ombi. Nilipita jana nyuma ya jiko la shule yetu, nikaona kunguru wamejipanga juu ya paa kama wanafunzi wanaongoja kengele ya chakula. Naomba chama chetu kichangie mapipa yenye mifuniko, na vijana wachimbe shimo la mabaki karibu na bustani. Gharama yake ni ndogo kuliko ya pilau ya leo.

Na kila tunapokutana, kabla ya hotuba, tuhesabu ndege wa shule kwa saa moja, tuandike katika daftari litakalobaki maktaba. Marekani walianza desturi ya kuhesabu ndege siku ya Krismasi mwaka 1900, wakiwa watu 27 tu, na wanaendelea hadi leo. Sisi hapa tumezidi 27. Tukianza mwaka huu, vijana hawa watakaposimama hapa wakiwa na mvi, watajua kama meza yetu ilikuwa ya tetere au ya kunguru.