MWALIMU NDIYE SHULE
(Mada kwa vijana wa Ruiri, mwezi wa Ramadhan)



Ndugu yangu katika Uislamu, neno la kwanza la wahyi lilikuwa amri ya kusoma, na liliteremka mwezi huu. Tena Ramadhan ya mwaka wa 2 Hijria vilipiganwa vita vya Badr. Wanahistoria wanasimulia kwamba mateka waliojua kuandika, wasiokuwa na mali ya kujikomboa, walipewa kila mmoja watoto 10 wa Madina awafundishe. Hebu tazama: fidia yao haikuwa kukaa darasani, ilikuwa watoto wajue.

Je, sisi twapima nini? Tukitaja shule ya Kiislamu, harambee yetu ni ya mabati na rangi. Mwalimu anangoja karo iingie. TSC ikitangaza nafasi anaondoka katikati ya muhula, nasi twasema hana ikhlasi. Jamani, ikhlasi hailipi kodi ya nyumba!

Kamati ya shule ishike mambo manne:

Kwanza, usajili. Sheria ya TSC ya 2012 hairuhusu asiyesajiliwa kufundisha shuleni. Undugu si cheti.

Pili, mkataba na mshahara. Sheria ya ajira ya 2007 yataka mkataba wa maandishi kwa kazi ya miezi 3 au zaidi. Na Mtume (s.a.w.) ametufunza tumlipe mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Ustadh naye ni mfanyakazi.

Tatu, mwalimu mkuu aingie darasani, akae nyuma, aandike, kisha wazungumze wawili faraghani. Asiende kama polisi. Mpango wa madrasa za chekechea ulioanza Mombasa miaka ya 1980, ukafika Zanzibar na Uganda, uliwafuata walimu shuleni kwao namna hii.

Nne, ustadh na mwalimu wa hesabu wakae meza moja. Mtoto wanayemfundisha ni yuleyule. Akilala darasani asubuhi, huenda jioni pia hakuhifadhi kitu. Wasipoongea, nani atajua?

Nawe msomaji, huenda huna mtoto pale. Lakini ukitoa sadaka mwezi huu, usiulize tu mabati yamebaki mangapi. Uliza: walimu wamelipwa? Kijana aliyemaliza chuo cha ualimu akiona tunawaheshimu hawa, atarudi Ruiri kufundisha. Asipoona, tutajenga madarasa ya kufungia popo.

Wabillahi tawfiq.