Benchi la Mabibi

Hotuba juu ya kuwatunza wenye uchungu wa moyo, iliyosemwa siku ya Yubile ya parokia





Siku ya yubile watu huhesabu. Tumehesabu ubatizo, ndoa, na matofali yaliyochomwa kwa kujenga kanisa hili. Ni haki kuzihesabu neema za Mungu. Lakini wako ndugu zetu ambao hakuna kitabu cha parokia kinachoandika taabu yao: mama asiyepata usingizi tangu vita, kijana aliyeacha kusema na watu, mzee anayekaa nyuma ya nyumba mchana kutwa akitazama chini. Wengine husema, "Ana mawazo mengi." Wengine husema, "Amerogwa." Kisha kila mtu hurudi kwake, na mgonjwa hubaki peke yake. Nimeombwa niseme juu ya hao. Basi nitawaeleza kazi ya mganga mmoja wa Afrika, tuone kama yaweza kutufundisha.

Mganga huyo ni Dixon Chibanda wa Zimbabwe, mwenye kutibu magonjwa ya akili. Katika nchi yake yenye mamilioni ya watu, waganga wa namna yake hawakufika ishirini. Mwaka 2005 msichana mmoja aliyetibiwa naye, mkaaji wa mbali na mji wa Harare, alizidiwa. Mganga aliomba aletwe kwake. Hakuletwa. Majuma machache baadaye mama mzazi alimpasha habari kwamba binti yake amejiua. Walikuwa tayari kuja, lakini walikosa nauli ya basi, dola 15.

Kifo hicho kilibadili njia ya kazi yake. Aliona wazi kwamba dawa ikikaa mbali na mgonjwa, kwake mgonjwa huyo si dawa. Mganga asingoje ofisini. Msaada uende pale watu wanapoishi.

Mwaka uleule wa 2005 serikali ya nchi hiyo ilikuwa imebomoa nyumba nyingi mijini. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba watu wapatao 700 000 walipoteza makao yao au kazi yao. Mtaa wa Mbare, katika Harare, ulijaa uchungu. Chibanda alitaka kuanza kazi huko. Hakupewa wauguzi, wala chumba katika sentri ya afya. Alipata mabibi 14 tu, wahudumu wa afya wa mtaani, wale ambao wengi wetu huku tunawaita koko. Mahali pa kazi palikuwa nje, chini ya miti. Basi likawekwa benchi. Hayo yalianza mwaka 2006.

Mabibi hao walimfundisha mganga jambo kubwa. Yeye alitaka benchi liitwe benchi la afya ya akili. Wao walimwambia kwamba kwa jina hilo hakuna atakayethubutu kuketi. Likaitwa Benchi la Urafiki; kwa lugha ya Kishona, Chigaro Chekupanamazano, maana yake kiti cha kupeana mashauri. Nao ugonjwa waliuita kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Jina hilo halimwaibishi mtu. Anayelisikia hujua kwamba linasemwa juu yake, wala hakimbii.

Njia yao ni hii. Kwanza bibi anauliza maswali 14 juu ya juma lililopita: Je, ulilala vizuri? Ulilia? Kazi yako ilikushinda? Uliwaza kujiua? Kisha zinafuata hatua tatu. Ya kwanza ni kufungua fikira: mgonjwa anataja taabu zake zote, bibi anasikiliza, kisha mgonjwa mwenyewe anachagua taabu moja. Ya pili ni kumwinua, na ya tatu ni kumtia nguvu, ili arudi nyumbani akiwa na jambo moja la kutenda, naye akija tena aeleze lilivyokwenda.

Tuseme mjane ana deni, mtoto amefukuzwa shule, na shemeji wamemnyang'anya shamba. Akiyabeba yote matatu pamoja yatamwangusha. Lakini akichagua deni, akaenda kuongea na mwenye kumdai, hata akifaulu nusu tu, anaanza kuona kwamba mikono yake ingali na nguvu. Bibi hamchagulii. Kazi ya bibi ni kusikiliza, kuuliza, na kungoja.

Je, njia hiyo inaponya? Imepimwa. Mwaka 2016 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa watu 573 katika sentri 24 za Harare. Baada ya miezi sita, kati ya waliopata huduma ya kawaida, karibu nusu walikuwa bado na huzuni ya ugonjwa. Kati ya walioketi kwenye benchi, walikuwa 14 hivi kwa mia.

Wala tusiseme kwamba mambo hayo ni ya Zimbabwe tu. Mwaka 2013 ulitangazwa uchunguzi uliofanywa hapa Kongo, katika vijiji vya mashariki, kwa wanawake 405 waliotendewa ukatili wa kunajisiwa. Waliowasaidia hawakuwa waganga, bali washauri wa hapahapa waliofundishwa. Walioshauriwa kwa makundi, kwa njia iliyopangwa vizuri, walipata nafuu kubwa kuliko wale waliopokea msaada wa mmoja mmoja.

Ndugu zangu, nisieleweke vibaya. Benchi halichukui nafasi ya hospitali. Mwenye kifafa, mwenye wazimu, na hasa anayewaza kujiua, apelekwe kwa mganga upesi; hata mabibi wa Mbare hufanya hivyo. Wala sala na dawa si maadui. Anayemzuia mgonjwa kunywa dawa kwa jina la sala anamtwika mzigo wa pili. Na anayemwita mtoto mchawi kwa sababu haongei, huyo anamfukuza katika nyumba ya pekee ambamo angepona.

Kumbukeni rafiki za Yobu. Siku saba walikaa naye chini bila kusema neno, na hiyo ilikuwa kazi njema. Walikosea siku walipofungua kinywa na kumfanya mwenye kosa katika taabu yake.

Parokia yetu inao mabibi. Inao miti. Seremala wetu wajua kutengeneza benchi. Kitakachokuwa kigumu ni siri. Siku neno moja la mgonjwa litakaposikika kisimani au sokoni, benchi letu litabaki tupu, wala hakuna mahubiri yatakayolijaza tena. Kwa hiyo namwomba Baba Paroko na wakubwa wa jumuiya zote: kabla ya kuchagua mti, tuchague wamama wanaojua kunyamaza, tena tuwapeleke wafundishwe na wauguzi.

Hivyo, katika yubile itakayofuata, watakuwapo watu wasioandikwa katika hesabu yoyote, lakini watakuwa hai, nao watajua ni nani aliyewasikiliza.