Sikukuu ya Taifa Ugenini: Mwalimu wa Kiswahili na Kalenda ya Nchi Yake



Historia ya ufundishaji wa Kiswahili katika nchi za kigeni imeandikwa aghalabu kwa kuhesabu vyuo, vitabu na mitaala. Mwalimu mwenyewe, aliyeiacha nchi yake akaenda kuifundisha lugha yake kwa watu wa mbali, huonekana kwa nadra. Mhadhara huu unamtazama mwalimu huyo katika siku moja tu ya mwaka: siku ambayo nchi yake inaadhimisha sikukuu ya taifa, ilhali kwa wenyeji wake ni siku ya kazi kama nyingine. Hoja inayotetewa ni kwamba siku hiyo humdai mwalimu aamue jambo zito: je, anasimama darasani kama mwakilishi wa dola, kama mwana wa nchi, au kama mlezi wa lugha isiyokuwa na mpaka mmoja?

Walimu wa kwanza hawakuwa na sikukuu ya taifa ya kuadhimisha. Seminari ya Lugha za Mashariki ilianzishwa Berlin mwaka 1887, na miongoni mwa Waswahili waliofundisha huko ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyeanza kazi hiyo mwaka 1900. Kalenda ya dola iliyomtawala ilikuwa ya Kaisari: tarehe 27 Januari, siku ya kuzaliwa kwa Wilhelm wa Pili, ndiyo iliyokuwa sikukuu, Berlin na katika koloni vilevile. Nchi aliyoibeba Mtoro haikuwa na bendera; ilikuwa nchi ya mila na mazungumzo, na sehemu yake kubwa imehifadhiwa katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapishwa mwaka 1903. Mwaka uliofuata alijaribu kurejea kwao pamoja na mkewe Mjerumani, lakini wakuu wa koloni wakawazuia. Alirudi Ujerumani, na huko ndiko alikofia mwaka 1927. Kwa hiyo, mtu anaweza kuwa na kwao na kukifundisha kila siku, ijapokuwa hana serikali ya kumpa siku ya kukikumbuka.

Hali ilibadilika baada ya uhuru. Mwalimu wa leo anayetoka Tanzania au Kenya, awe ameajiriwa na chuo cha Ulaya au amepelekwa Marekani kwa mpango wa Fulbright wa walimu wasaidizi wa lugha, hufika na kalenda iliyojaa. Mtanzania ana tarehe 12 Januari, 26 Aprili na 9 Desemba. Mkenya ana tarehe 1 Juni, 20 Oktoba na 12 Desemba. Huko Marekani, siku zao kuu za Desemba huangukia majira ya mitihani ya kufunga muhula. Gwaride, mizinga na hotuba viko mbali. Alichobakiwa nacho mwalimu ni maneno.

Maneno hayo, hata hivyo, si haba. Majina ya sikukuu za Afrika Mashariki yenyewe ni somo la historia. Mapinduzi yametokana na kitenzi pindua. Muungano umetokana na ungana. Jamhuri ni neno lenye asili ya Kiarabu, na katika asili hiyo lina maana ya umma au watu wengi. Madaraka huchanganya mamlaka na wajibu, na Kenya ililitumia kwa siku ya 1 Juni 1963, ilipopata serikali ya ndani, miezi michache kabla ya uhuru wa tarehe 12 Desemba. Mwaka mmoja kamili baada ya uhuru huo nchi ikawa jamhuri. Hivyo tarehe moja inabeba matukio mawili. Mwanafunzi anayeelewa kwa nini Wakenya wana Madaraka na Jamhuri amejifunza zaidi ya msamiati.

Hapa ndipo mtihani wa mwalimu unapoanza, kwa sababu majina hayo hayakubaliwi na wote kwa moyo mmoja. Tarehe 9 Desemba 1961 iliyopata uhuru ni Tanganyika, lakini imezoeleka pia kusemwa kuwa ni uhuru wa Tanzania Bara, na uchaguzi wa jina huzua mjadala. Mapinduzi ya Zanzibar ya 12 Januari 1964 husherehekewa na wengi kama ukombozi. Wapo pia ambao kwao ni kumbukumbu ya msiba na ya kuondoka nyumbani. Katika darasa la Ulaya au Marekani, mjukuu wa hao walioondoka anaweza kuwa ameketi mstari wa mbele, akijifunza lugha ya bibi yake. Mwalimu akisoma tamko rasmi peke yake, atakuwa amemfukuza mara ya pili. Akiinyamazia siku hiyo, atakuwa amewaficha wengine wote sababu ya siku hiyo kuitwa kuu.

Mfano wa Abdilatif Abdalla unafundisha katika suala hili. Mshairi huyo wa Mombasa alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu mwaka 1969 kwa ajili ya waraka Kenya: Twendapi? Sikukuu tatu za Desemba, yaani za 1969, 1970 na 1971, zilimkuta gerezani, katika nchi ileile iliyokuwa ikisherehekea uhuru. Mashairi aliyoyatunga humo yalitoka mwaka 1973 katika Sauti ya Dhiki. Baadaye, tangu 1995 hadi 2011, alifundisha Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Leipzig. Maisha hayo yanabainisha tofauti ambayo gwaride huificha: nchi si serikali, na aliyegombana na serikali hakuacha kuwa na nchi wala lugha.

Kuna wanaopendekeza kwamba walimu waziache sikukuu za mataifa na kuadhimisha tarehe 7 Julai pekee, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Pendekezo hilo lina nguvu, kwani linamweka Mtanzania, Mkenya na Mkongo katika meza moja. Lakini tarehe hiyo nayo haikuanguka kutoka mbinguni. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, na tarehe 7 Julai 1990 Wakenya waliodai vyama vingi walikabiliana na polisi mitaani. Lugha haina kalenda safi isiyoguswa na siasa.

Basi linalompasa mwalimu si kuikimbia sikukuu, bali kuifundisha kwa ukamilifu wake: jina lake, chimbuko lake, furaha ya wanaoisherehekea na kimya cha wasiosherehekea. Ubalozi una wajibu wa kuandaa tafrija. Darasa lina wajibu wa kueleza. Mwanafunzi atakayetoka humo akijua kwamba neno uhuru linaweza kutamkwa kwa nderemo na kwa swali ndani ya sentensi moja, atakuwa ameanza kukisikia Kiswahili kama wenyewe wanavyokisikia.