Kuwasikiliza Watoto Wazito wa Kusimulia



Katika jubilei hii tumesikia habari nyingi za makanisa yaliyojengwa na shule zilizofunguliwa. Sisi twaomba nafasi kidogo tuwataje watoto wenye ulemavu wa akili, ambao wengi huwaita taahira, neno tusilolipenda.

Kwanza hatuna budi kuungama kosa letu. Mwaka mmoja kioo cha dirisha la kanisa la kigangoni kilivunjika, na mvulana mmoja wa namna hiyo akakutwa amesimama karibu na vipande vyake. Tukamwuliza, “Kumetokea nini hapa?” Akajibu, “Embe.” Tukadhani anatufanyia mzaha. Tukamwuliza kwa ukali, “Ni wewe uliyevunja?” Akasema, “Ndiyo, mwalimu.” Basi tukamwondoa katika mafundisho ya Komunyo ya kwanza.

Kesho yake akaja bibi yake. Hakugombana nasi, alimgeukia mjukuu wake tu, akamwuliza kwa sauti kali, “Mume wangu, ni Padre aliyevunja kioo?” “Ndiyo, bibi.” “Ama ni mimi?” “Ndiyo.” Kisha akatuambia, “Mwalimu, huyu akikaripiwa hukubali yote, apate kuachwa.”

Tukaona haya. Tukaenda na mtoto mpaka mwembeni, tukamwambia, “Tuonyeshe,” tukanyamaza. Akaokota jiwe, akainua mkono kuyaelekea maembe ya juu, akasema, “Wakubwa.” Akatembea polepole mpaka dirishani, akasema, “Pa!” Habari ilikuwa nzima, ila kwake yeye ilianza na embe, nasi tulitaka ianze na kioo.

Jambo hilo wataalamu wamelipima. Lucy Henry na Gisli Gudjonsson, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1999, waliwaonyesha watoto tukio, kisha wakawauliza. Wenye ulemavu wa akili, walipoachwa wasimulie wenyewe, walikaribiana na wenzao wa umri wao. Lakini maswali ya ndiyo au siyo yenye kupotosha yaliwapoteza zaidi.

Kwa hiyo, mwalimu, uliza, “Kisha ikawaje?” nawe ungoje, hata kama kengele ya darasa inakuhimiza. Usirudie swali lile lile, kwani mtoto atadhani jibu la kwanza lilikuwa baya, atafute jingine. Mpe vijiti na mawe apange aliyoyaona.

Haya si mambo ya vioo tu. Wako watoto wanaodhulumiwa kwa sababu mdhalimu ajua hawataaminiwa. Mwaka 2016 Sheria ya Ushahidi ya Tanzania ilirekebishwa, mtoto mdogo akaruhusiwa kutoa ushahidi bila kiapo, mradi aahidi kusema kweli. Lakini ahadi hiyo yafaa nini, ikiwa nyumbani na shuleni tumekwisha kumlisha maneno?

Mvulana yule tulimrudisha katika mafundisho Jumapili iliyofuata. Baada ya Misa alitushika mkono, akatupeleka tena mwembeni, tukaketi naye mpaka adhuhuri; maana alikuwa hajamaliza kusimulia.