Anayengoja Nje ya Mlango

Leo tungependa kuzungumza nanyi juu ya saa za kazi, juu ya mikutano inayoahirishwa, na juu ya heshima baina ya mkubwa wa kazi na walio chini yake. Somo letu limo katika Matendo ya Mitume, sura ya 24.

Watu wa bara ya Mombasa hawahitaji kufundishwa thamani ya dakika. Akaaye Likoni na kufanya kazi kisiwani hutegemea feri. Wa Kisauni hutegemea daraja la Nyali, na wa Changamwe hupita Makupa. Feri ikikawia, au gari likiharibika darajani, maelfu huchelewa pamoja. Wala kuvuka maji si jambo dogo. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka asubuhi ikiwa imejaza watu kupita kiasi, na watu 272 wakafa, watu waliokuwa wakielekea shughuli zao za siku. Basi mtu afikapo mlangoni pa kazi yake kwa wakati, na tujue kwamba ameleta kitu cha thamani.

Tuseme yuko bawabu mmoja akaaye Changamwe, alindaye ghala usiku kucha. Zamu yake huisha saa kumi na mbili asubuhi. Analo shauri lake: siku zake za likizo zimepita bila kupewa, na mama yake ni mgonjwa kijijini. Meneja amemwambia aje saa tatu. Basi bawabu haendi nyumbani kulala, bali anaketi juu ya benchi nje ya ofisi. Saa tatu inapita, saa nne inapita. Saa sita karani anatoka na kumwambia, "Mkubwa ana shughuli, njoo wiki ijayo." Wiki ijayo mambo ni yale yale. Lakini bawabu huyo huyo akichelewa dakika kumi jioni, jina lake huandikwa kwa wino mwekundu na mshahara hukatwa. Saa ya mkubwa ni ya mpira; saa ya mdogo ni ya chuma.

Je, bawabu huyo amenyimwa nini? Amenyimwa likizo, ndiyo. Amenyimwa usingizi na nauli pia. Lakini zaidi ya hayo ameambiwa, bila neno moja kutamkwa, kwamba wakati wake si wakati. Wazee wetu walisema kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Nao walijua.

Sasa mtazameni Feliki. Paulo aliletwa mbele ya liwali huyo kule Kaisaria. Washitaki walisema yao, na Paulo akajitetea. Feliki akaahirisha shauri mpaka jemadari Lisia atakapokuja. Baada ya siku kadhaa akamwita Paulo tena, akamsikiliza pamoja na mkewe Drusila. Paulo aliponena habari za haki, na kiasi, na hukumu ijayo, Feliki akaingiwa na hofu, akamwondoa mpaka apate nafasi. Miaka miwili ikapita. Festo akashika mahali pa Feliki, na Paulo alikuwa angali kifungoni.

Angalieni neno moja, ndugu zangu. Maandiko yanatuambia kwamba katika miaka ile Feliki alimwita Paulo mara nyingi na kuzungumza naye, akitumaini kupewa fedha. Kumbe nafasi ilikuwapo! Mikutano ilikuwapo tele. Kilichokosekana ni uamuzi. Feliki hakuwa amekosa wakati. Alikuwa akiikwepa haki.

Mlinganisheni na Boazi katika kitabu cha Ruthu. Alipofika shambani aliwasalimu wavunaji wake kwa jina la Bwana, nao wakamwitikia. Na shauri la Ruthu lilipomfikia, Naomi alimwambia Ruthu akae atulie, maana alijua kwamba mtu yule hatapumzika mpaka alimalize siku ile ile. Boazi akaenda langoni, akaketi, akawaita wazee kumi, na shauri likaisha. Ruthu naye alingoja, lakini alingoja pasipo mashaka, kwa sababu neno la mtu yule lilijulikana. Heshima ya mkubwa ni hiyo.

Pengine meneja mmoja anayetusikiliza atasema, "Hamjui kazi yangu. Meli huingia kabla ya siku yake, mtambo huharibika, simu hulia." Ni kweli, tena si kila kukawia ni dharau. Bwana Yesu mwenyewe alikuwa njiani kwenda nyumbani kwa Yairo, ambaye binti yake alikuwa mahututi, naye akasimama kwa ajili ya mwanamke mgonjwa. Yairo akangoja. Habari za msiba zikaja wakati ule ule. Lakini Bwana hakumwacha Yairo peke yake na habari zile. Papo hapo alimgeukia, akampa neno la kumtia moyo, akaenda naye mpaka nyumbani. Basi, ewe mkubwa wa kazi, ukilazimika kuahirisha, mtume karani saa tatu, si saa sita. Taja siku nyingine, na siku hiyo uwepo. Ahadi ni deni.

Mji wetu unayo historia ya jambo hili. Tarehe 13 Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 wa Mombasa, wa bandari, wa reli na wa kazi nyingine nyingi, waliacha kazi kwa sababu ya mishahara duni na shida ya nyumba. Mgomo ulidumu siku 12. Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, alikuja akawasihi, na watu wakarudi kazini kwa ahadi kwamba madai yao yatachunguzwa. Fikirini hayo: walirudi kabla nyongeza yoyote haijaingia mkononi, kwa kuwa waliahidiwa kusikizwa. Ndipo Jaji Thacker na wenzake wakaketi kuyachunguza madai yao, na mwaka ule ule wengi wakaongezewa mapato. Mdharau mwiba, mguu huota tende.

Siku hizi hata sheria ya nchi yasema hivyo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 41, yamtaka mwajiri, kabla ya kumfukuza mtu kwa kosa au kwa udhaifu wa kazi, amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mjumbe wa chama, kisha amsikilize. Ayubu aliyajua hayo zamani sana. Katika sura ya 31 anajiuliza atamjibu Mungu nini kama alilidharau shauri la mtumishi wake, kwa maana aliyemuumba yeye tumboni ndiye aliyemuumba na mtumishi.

Nawe mfanyakazi, usimlipe Feliki kwa uvivu. Paulo hakutoroka wala hakutoa hongo. Aliishika kazi yake, na saa ilipofika alidai haki yake waziwazi kwa kukata rufani kwa Kaisari. Fika kwa wakati. Andika ombi lako, weka nakala, pitia kwa chama chako, sema kwa adabu wala usiogope.

Tena neno hili si la maofisi tu. Mwenyekiti wa kamati ya kanisa atangazaye mkutano wa saa nane na kufika saa tisa na nusu, mama wa nyumba amwambiaye yaya kila mwisho wa mwezi kwamba watazungumza kesho, wote wana mtu anayengoja. Kabla jua la leo halijatua, jiulize: ni nani aliyeketi nje ya mlango wangu? Kisha mfungulie.

Na tuombe. Ee Bwana, wewe husikia tukuitapo, wala hutuambii turudi wiki ijayo. Wape wakubwa wa kazi masikio, na wanaongoja uwape subira na ujasiri. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.