Sufuria za Kikundi na Ramani ya Mtaa

Mazungumzo ya vijana wa Huruma, Eastlands, Nairobi, mbele ya wanavikundi waliotutembelea kutoka mashambani

Poleni na safari, hasa ninyi mliokwama Outering Road kwa saa nzima. Tulipoambiwa tuzungumze juu ya kompyuta tuliona haya kidogo, maana ninyi mmekuja na habari za mbuzi wa maziwa na matangi ya maji, mambo yanayoshikika, nasi tunaleta kitu ambacho hata ukinyoosha mkono huwezi kukigusa. Lakini mwenyekiti alituambia, semeni tu, na msifiche pale mlipoanguka. Basi tutasema.

Sisi ni vijana kumi na mmoja. Wengi tunakaa Huruma, wawili Kiamaiko, mmoja Kariobangi. Tulianza na daftari. Tulikuwa tukitembea uchochoro kwa uchochoro tukiandika mahali panapouzwa maji na bei ya jerikeni, vyoo vinavyofanya kazi, taa za barabarani zilizokufa, na sehemu ambazo Mto Mathare huvuka kingo. Mnajua, mtaa kama wetu ukitazamwa kutoka ofisini huonekana kama doa tu. Na hatukuwa wa kwanza kuliona jambo hilo. Mwaka 2009 vijana wa Kibera walizunguka na vipimo vya GPS wakauchora mtaa wao wenyewe, na baadaye kazi kama hiyo ikafika Mathare, hapo ng'ambo tu.

Tulipokuwa na daftari tatu zilizojaa, tukataka ramani ya kuonekana kwenye simu. Tukachanga, tukafanya na kaharambee, tukamlipa mtaalamu mmoja wa mjini shilingi elfu sitini. Akatutengenezea ramani nzuri kweli. Mwaka wa pili akataka pesa nyingine za kuilinda, nasi hatukuwa nazo. Ramani ikafungwa. Si ramani tu, hata yale tuliyoyaandika sisi, miezi minane ya kutembea kwenye jua, yalibaki ndani kwake. Tulienda tukabisha, tukaambiwa mkataba ndivyo ulivyo. Na kweli ndivyo ulivyokuwa. Hatukuwa tumeusoma.

Ni hapo mmoja wetu, aliyekuwa akijifunza kompyuta jioni baada ya kazi ya mjengo, alituambia kwamba kuna vyombo vya kuchora ramani ambavyo havinunuliwi. Hatukumwamini. Kitu cha bure mjini? Nairobi hata choo unalipa.

Hebu tueleze kwa njia ya nyumbani. Kikundi cha akina mama kinanunua sufuria kubwa, viti na hema. Kukiwa na harusi, mwenye harusi haendi kununua sufuria, anachukua za kikundi. Anapika chakula chake, kwa mapishi yake. Sasa, watu wanaoandika programu nao wana sufuria zao. Kuna lugha ya kompyuta iitwayo JavaScript, ndiyo inayofanya kurasa za intaneti zisogee na kuitika unapozigusa. Badala ya kila mtu kuandika upya jinsi ya kuchora ramani, jinsi ya kuisukuma kwa kidole, jinsi ya kuikuza, watu huyaandika hayo mara moja, wakayaweka pamoja, na kuyaita maktaba. Wewe unaichukua, unaongeza ya kwako.

Maktaba tuliyoichukua sisi inaitwa Leaflet. Ilitolewa mwaka 2011 na Volodymyr Agafonkin, mtu wa Kyiv, nchi ya Ukraine. Baada yake watu wengi wa nchi mbalimbali wameongeza na kurekebisha. Ikishabanwa ina uzito wa karibu kilobaiti 42, yaani picha moja ya harusi mnayotumiana kwa simu yaweza kuwa nzito kuliko maktaba nzima. Kwa mtu anayenunua bando la shilingi ishirini, hilo si jambo dogo. Na leseni yake ni fupi, ukurasa haujai. Inasema itumie, ibadilishe, hata uza ukitaka, ila usifute majina ya walioitengeneza, wala usije kuwadai ikikuharibikia. Safari hii tuliisoma. Tuliisoma kwa sauti, mara mbili, tukiwa tumeketi kwenye ngazi.

Jambo la kutoa mnachotengeneza si geni hapa kwetu. Januari 2008, katika zile ghasia za baada ya uchaguzi, Wakenya walitengeneza Ushahidi, programu ya kukusanya habari za watu na kuzionyesha kwenye ramani. Waliiacha wazi kwa kila mtu, na tetemeko lilipoipiga Haiti Januari 2010 ikatumika huko. Kwa hivyo msifikiri sisi ni wa kupokea tu.

Sasa tuje kwa kuanguka kwetu.

Siku ya kwanza tulipoweka vibanda vya maji kwenye ramani, hatukuona hata kimoja. Ramani ya Huruma ipo, lakini nukta hazipo. Tukatafuta, tukasukuma ramani huku na huku, hadi mmoja akapiga kelele: maji yetu yako baharini! Kweli, vibanda vyote vilikuwa vimejipanga vizuri katikati ya Bahari ya Mediterania, kati ya Uhispania na Algeria. Tulicheka, kisha tukakasirika. Tukawaandikia watu wa maktaba kwa Kiingereza cha haraka kwamba chombo chao ni kibovu na sisi tuna kazi.

Jibu likaja, si la matusi. Walisema: tuonyesheni mfano mdogo kabisa wenye hilo kosa, punguzeni kila kitu kisichohusika. Tuliona ni kama kufukuzwa. Lakini tukakaa jioni mbili tukikata. Tulianza na mistari zaidi ya mia tatu, tukabaki na kumi na minane, na hapo kosa likatutazama usoni. Mahali duniani huandikwa kwa namba mbili, latitudo na longitudo. Sisi huku ni kama -1.25 na 36.88. Leaflet inataka latitudo kwanza. Lakini faili tuliyohifadhia habari zetu, ya aina iitwayo GeoJSON, huweka longitudo kwanza. Tulikuwa tumechanganya mitindo miwili, tukageuza. Na baadaye kidogo kijana mwingine alisahau ile alama ya kutoa, choo kimoja cha Kiamaiko kikahamia Samburu, upande wa Maralal. Ninyi mtakaojaribu, angalieni hayo mawili kabla ya kumlaumu mtu.

Tukaandika tena kuomba radhi. Aliyetujibu alisema watu wengi hupita hapo hapo.

Tangu siku hiyo tumejua namna ya kuishi na watu wale. Huulizi kabla hujatazama kama mwingine ameshauliza. Husemi "haifanyi kazi", unasema ulifanya nini, ulitarajia nini, ukaona nini. Na wengi wao hawalipwi kwa kazi ile, wana watoto na kazi zao, kwa hivyo kimya cha wiki tatu si dharau. Sisi tulipata kosa katika kiongezi kimoja kidogo kinachotumika na maktaba hiyo, tukalirekebisha kwa mistari mitatu, tukapeleka. Hadi leo mwenye kiongezi hajaipokea wala hajaikataa. Basi kila tukichukua toleo jipya tunaiweka ile mistari mitatu sisi wenyewe, kama mtu anayebeba chumvi yake kwenda kwa jirani. Inachosha, lakini leseni inaruhusu.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi, maana lilihusu mali ya wengine. Leaflet haina ramani ndani yake, inapanga tu picha ndogo za mraba, vigae, nukta 256 kwa 256. Dunia nzima ukiitazama kutoka juu kabisa ni kigae kimoja. Ukikaribia hatua moja vinakuwa vinne, hatua ya pili 16, ya tatu 64, na ukifika ya 18 vinapita bilioni 68. Vigae hivyo tulikuwa tukivipata kwa OpenStreetMap, ramani ya kujitolea iliyoanza Uingereza mwaka 2004. Tukasema, mtandao wa mtaani ni wa kukatikakatika, hebu tuvipakue vingi usiku tuviweke. Tukaiacha kompyuta ikivuta usiku kucha. Asubuhi ramani yetu ilikuwa nyeupe tupu kama shuka. Tulikuwa tumefungiwa, na kwa haki, kwa sababu masharti yao yanakataza kabisa kuvuta vigae kwa wingi namna hiyo. Mashine zile zinaendeshwa kwa michango. Ni kama kuazima sufuria za kikundi kwa harusi moja ukafungua nazo hoteli. Habari zenyewe za ramani mtu anaruhusiwa kuzipakua na kuchora vigae vyake, na ndivyo tunavyofanya sasa, mtaa wetu tu, kwenye kompyuta ya kikundi.

Mwaka 2022, baada ya kuchukua toleo jipya, tukaona bendera ndogo ya buluu na njano kwenye kona ya ramani. Nani ameweka hii? Tukaja kuelewa kwamba vita vilikuwa vimefika Kyiv kwenyewe. Kukawa na ubishi mrefu. Wengine walisema ramani ni ya Huruma, bendera ya kigeni ya nini, tena kuiondoa ni mstari mmoja na hakuna anayekataza. Mmoja wetu, ambaye nyumba yao ilichomwa mwaka 2008 alipokuwa mdogo, alisema iacheni. Tukapiga kura, sita kwa watano. Iko pale.

Sasa hili la mwisho ni kwa ninyi hasa, kwa sababu mna wazee vijijini. Tulikuwa tumeweka kwenye ramani nukta za wazee wanaoishi peke yao, ili mvua ikija wajulikane. Tulijiona werevu. Bibi mmoja akamwona mjukuu wake akiitazama kwenye simu, akatufuata hadi ukumbini. "Mmewaonyesha wezi mlango wangu," alisema. Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumesikia neno "wazi" hadi likatulevya: chombo wazi, ramani wazi, basi kila kitu wazi. Siku hiyo hiyo tuliziondoa nukta zile. Majina ya wazee yakarudi kwenye daftari, na daftari likakaa kwa watu wawili tu.

Mwishoni mwa Aprili 2024 maji yakaja usiku. Stima ikakatika, mtandao ukawa wa kubahatisha, na ramani yetu haikufunguka kwenye simu nyingi. Tuwaambie ukweli, kilichofanya kazi usiku ule ni karatasi iliyobandikwa ukutani ukumbini, na lile daftari. Tulikwenda mlango kwa mlango na tochi za simu. Bibi yule tulimkuta amekaa juu ya meza, amejifunga leso, anatuuliza kwa nini tumechelewa.

Mwezi uliofuata, serikali ilipoamuru watu waondoke ndani ya mita 30 za mto na nyumba zikabomolewa, ikabidi turekebishe ramani. Katika Leaflet kuondoa nukta ni neno moja tu. Tuliketi tukaanza: kibanda cha maji, futa. Choo cha kulipia, futa. Kinyozi, futa. Tulipofika kwenye plot alikozaliwa mmoja wetu, akaweka mkono juu ya kibodi akasema hii haifutwi. Tukanyamaza wote. Maktaba ile inakuwezesha kupanga nukta kwa tabaka, moja ukaionyesha na nyingine ukaificha. Tukafanya tabaka moja la rangi ya kijivu, tukaliita Palipokuwa, na zote tulizokuwa tumefuta tukazirudisha humo. Watu waliohamia Kayole na Njiru hutuomba tuwafungulie hilo tu.

Wanaotaka kuona wabaki baada ya chakula. Tumekuja na kompyuta mbili, moja betri yake ni mbovu, kwa hivyo mtusaidie kutafuta soketi. Na kama kikundi chenu kina visima mnavyotaka kuviweka kwenye ramani, njooni na daftari kwanza. Simu moja yenye GPS inatosha.